Mafuta ya machungwa: mwenye labo njo mwenye bei

Mwisho wa mwaka 2024, ku soko ya New York, bei ya maji ya machungwa ya kugandishwa ilipita dolari 5 kwa paundi moja. Haikufika pale hata siku moja mbele. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliandika sana juu ya glasi ya asubuhi yenye inakuwa bei kali. Sisi tunataka kuangalia upande mwengine, wenye haizungumziwe sana: mafuta yenye yanatoka mu ganda ya chungwa ileile.

Juu ya mafuta hayo kuko vita ya kimya kati ya wadanganyifu na wanakemia. Inaendelea tangu miaka mingi, na kila mara bei inapopanda, vita inakuwa kali zaidi. Tunaamini wasomaji wetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wataielewa upesi kupita watu wa Paris, sababu hapa kwetu kila mutu anajua namna mali inaweza kupotea katikati ya mikono ya yule mwenye anachimba na masini ya yule mwenye anapima.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Wafaransa wanaita mafuta hayo esansi, lakini siyo esansi ya motokari. Kamata ganda ya chungwa, ikunje karibu na moto wa mushumaa: utaona vicheche vidogo vinaruka na kuwaka. Kitu chenye kinawaka njo mafuta yenyewe. Yanakaa mu vifuko vidogo sana, ku ngozi ya rangi, inje ya ile sehemu nyeupe. Kiwanda kinayatoa kwa kukamua tu, bila kupika, wakati uleule chenye kinakamua maji ya kunywa. Kiisha yanaingia mu soda, mu biskiti, mu bombo, mu sabuni, mu manukato na mu dawa ya kusafisha vyombo. Mutoto mwenye anakunywa soda ya chungwa pale Katuba anajua harufu yake, hata kama hajue jina yake.

Miti inakufa, bei inapanda

Mwaka 2005, ku Florida mu Marekani, waliona ugonjwa wenye Wachina wanaita huanglongbing. Ni bakteria yenye inabebwa na kadudu kadogo ka kunyonya majani. Inaziba njia zenye chakula kinapitia ndani ya muti. Matunda yanabakia madogo, ya kijani upande moja, machungu, na muti unakufa polepole. Mupaka leo hakuna dawa ya kuuponyesha. Mu musimu wa 2003-2004 Florida ilivuna makasha milioni 242 ya machungwa. Mu musimu wa 2024-2025, kiisha ugonjwa, zoruba na mashamba yenye yaligeuka kuwa viwanja vya nyumba, ilivuna makasha karibu milioni 12 tu. Kasha moja ni kama kilo 41. Musomaji afanye hesabu yeye mwenyewe.

Watu walisema: hakuna shida, Brazil iko. Ni kweli, mashamba ya São Paulo na Minas Gerais njo yanatoa machungwa mingi ya kiwanda kupita fasi yote mu dunia. Lakini kule pia ugonjwa umeshika miti zaidi ya 40 kwa mia. Mu musimu wa 2023-2024 walivuna makasha karibu milioni 307. Mu ule wenye ulifuata, juu ya joto, ukosefu wa mvua na ugonjwa, walibakia na milioni 231. Mwaka 2025 bei ya maji ilishuka tena, lakini kadudu hakakuondoka. Hata Afrika haiko salama: kadudu ka Asia kameishaonekana Tanzania na Kenya.

Mafuta yanafuata matunda. Mulimaji wa Brazil hapande machungwa juu ya mafuta. Mafuta ni mali ya pembeni yenye kiwanda cha maji kinachota wakati wa kukamua. Machungwa yakikosekana, mafuta yanakosekana, na kiwanda cha soda hakiwezi kungoja. Pale njo mayele inaamuka.

Kwa nini kudanganya ni rahisi

Mafuta ya chungwa tamu, karibu 95 kwa mia, ni kitu kimoja tu chenye kinaitwa limonene. Ile 5 kwa mia yenye inabakia njo inabeba karibu utamu wote wa harufu: aldehidi ndogondogo, linaloli na wengine wengi. Mafuta ya ndimu ya njano iko na limonene kama 65 mupaka 70 kwa mia, na sitrali kama 2 ao 3 kwa mia, yenye inaipa ile harufu kali. Bergamoti, tunda ya kijani-njano yenye haikuliwe sababu ni chungu, iko tofauti kabisa: limonene haifike nusu, na kitu cha bei ni asetati ya linali pamoja na linaloli. Bergamoti njo inapatia chai ya Earl Grey harufu yake, na tangu miaka 300 inaingia mu manukato ya Cologne.

Sehemu kubwa sana ya bergamoti ya dunia inatoka mu kipande kidogo cha Italia, kandokando ya bahari ya Reggio Calabria. Inahitajika karibu kilo 200 ya matunda kupata kilo moja ya mafuta. Sasa tufikiri kama mufanyabiashara asiye na roho nzuri. Mu depo yake kuko limonene ya bei chini, sababu viwanda vinaiondoa mu mafuta ya chungwa wakati vinatengeneza mafuta mazito, na inabakia mingi. Kuko tena asetati ya linali yenye imetengenezwa na kiwanda kutoka mu petroli. Akivichanganya na kilo chache za bergamoti ya kweli, pua ya mutu wa kawaida haitaona kitu. Kilo moja inakuwa mbili, na kalata ya kusafirishia inasema "safi".

Zamani wanunuzi walitegemea pua, uzito na masini ndogo yenye inaonyesha namna mwangaza unapinda ukipita ndani ya mafuta. Vyombo hivyo viko na kazi yao mupaka leo. Lakini mudanganyifu anaweza kupima yeye pia, na kuchanganya polepole mupaka hesabu zikubali.

Barabara ya metre 30

Mwaka 1952, Waingereza wawili, James na Martin, walionyesha namna ya kutenganisha vitu kwa kuvipitisha mu bomba pamoja na gesi. Inaitwa kromatografia ya gesi. Ni muwaka uleule Martin alipata zawadi ya Nobel pamoja na Synge, juu ya kazi yenye ilitangulia hiyo.

Tuieleze kwa mufano wa kwetu. Malori mia moja yanatoka Lubumbashi saa moja, yote yanaenda Kasumbalesa, na mu njia kuko barieri nyingi. Lori moja inapita bila kusalimia mutu. Ingine inasimama ku kila barieri, shofa anashuka, anaongea, anapanda tena. Jioni hayatafika saa moja. Ukikaa ku mupaka na saa mukononi, utajua lori gani ni ipi kwa kuangalia wakati yenye imefika.

Bomba ya labo iko vile. Kwa kawaida iko na urefu wa metre 30, na tundu yake ni robo ya milimetre. Imekunjwa sawa waya ndani ya tanuru ndogo. Ndani yake kuko ngozi nyembamba sana ya kemikali; zile njo barieri. Wanatia tone ndogo ya mafuta, gesi ya heliumu inayasukuma, na tanuru inapanda moto polepole. Vitu vyepesi vinatangulia, vizito vinachelewa, na vyenye vinapenda ile ngozi vinachelewa zaidi. Ku mwisho masini inachora milima ku karatasi: kila mulima ni kitu kimoja, na ukubwa wa mulima unaonyesha wingi wake.

Kiisha wanaweka masini ya pili, ya kupima masi. Inavunja kila kitu chenye kinatoka ku bomba na kupima vipande. Vipande hivyo ni sawa alama ya kidole. Lakini mu mafuta ya machungwa kuko mutego: limonene, pineni, tepineni na ndugu zao wote wako na kaboni 10 na hidrojeni 16, uzito wao wote ni 136, na wanavunjika karibu namna moja. Ni sawa mapacha wa familia kubwa: ukiangalia uso tu, utakosea. Kwa hiyo mwanakemia muzuri haamini kompyuta peke yake. Anaangalia uso na wakati wa kufika, pamoja. Hesabu ya wakati huo, yenye inalinganisha labo moja na ingine, ilipangwa na Ervin Kováts mu Uswisi mwaka 1958, na ingali inatumika.

Kwa kazi hii tu, wanakamata wezi wengi. Mafuta ya chungwa chungu iko bei kali kupita ya chungwa tamu, na mudanganyifu anapenda kuyachanganya. Lakini chungwa tamu inabeba kitu kidogo chenye kinaitwa delta-3-kareni, chenye mu chungwa chungu karibu hakiko. Mulima mudogo kabisa, mwenye haraka anaupita bila kuona, njo unatoa ushuhuda.

Pale milima inapandana, kuko njia ingine. Mwaka 1991 John Phillips na mwenzake mu Marekani waliunganisha bomba mbili zenye ngozi tofauti: kila kipande chenye kinatoka ku ya kwanza kinaingia ku ya pili. Badala ya mustari moja wa milima, unapata karte nzima, sawa ramani ya muji.

Mukono wa kuume na wa kushoto

Wadanganyifu walijifunza. Walisema: basi tutatia kitu kilekile chenye kiko mu tunda, linaloli kwa linaloli, mulima utakuwa ku fasi yake. Ilifanya kazi kwa muda.

Kumbe kuko siri. Vitu vingi vya miti viko na umbo mbili, sawa mikono miwili: viko sawasawa, lakini glavu ya kuume haiingie ku kushoto. Muti wa bergamoti unatengeneza linaloli ya mukono moja, zaidi ya 99 kwa mia. Kiwanda cha kemia, chenyewe, kinatengeneza nusu kwa nusu. Wataalamu sawa Armin Mosandl mu Ujerumani, na Giovanni Dugo na Luigi Mondello ku Messina mu Italia, walitumia bomba zenye ndani yake wameweka siklodekstrini. Hiyo ni sukari ya umbo ya pete yenye inatoka mu wanga, sawa wanga wa bukari yetu. Ile pete inashika mukono moja kupita mwengine, na mulima moja unagawanyika kuwa miwili. Ukitia kilo 10 ya linaloli ya kiwanda mu kilo 90 ya linaloli ya tunda, mukono wenye haukupashwa kuwa pale unatoka chini ya 1 kwa mia na kupita 5. Hakuna pua yenye inaweza kuona vile.

Wadanganyifu wakajibu tena. Mu Asia kuko muti wa familia ya kafuri, wenye mafuta yake yanaitwa ho, na linaloli yake iko ya mukono uleule wa bergamoti. Ni ya muti wa kweli, na bei iko chini. Hapa mikono haisaidie tena.

Wanakemia wakaingia ndani zaidi, mupaka ku kaboni yenyewe. Kuko kaboni yenye inaoza polepole, kaboni-14; nusu yake inapotea kila miaka 5730. Muti wenye unapumua leo iko nayo. Petroli, yenye imelala chini miaka mamilioni, haina. Kwa hiyo kitu cha petroli kinajulikana mara moja. Kwa muti wa ho, wanapima kaboni-13, yenye haioze. Kila muti unaishika kwa kipimo chake, kufuatana na namna unaishi. Ndani ya mafuta ya bergamoti moja, limonene, linaloli na asetati vimezaliwa mu nyumba moja, na vipimo vyao vinatembea pamoja. Mugeni akiingia, hata akivaa nguo za nyumba, hesabu yake haikubaliane na ya ndugu wengine.

Chenye hakipande hewani

Kuko sehemu ya mafuta yenye haipite mu bomba ya gesi kabisa, sababu ni nzito. Mafuta ya kukamua inabeba rangi, nta, na kikundi chenye kinaitwa kumarini. Zamani, kwa ndimu, labo ilipitisha mwangaza wenye jicho haione, na kuangalia namna kumarini inaukula. Mafuta yenye yameongezwa limonene yalikula mwangaza kidogo, na mwizi alijulikana. Unajua walifanya nini? Walitia mu mafuta kemikali za aina ya zile za kukinga ngozi na jua, zenye zinakula mwangaza uleule. Masini ikadanganyika. Ilibidi kutumia kromatografia ya maji, yenye inasukuma mafuta kwa nguvu mu bomba fupi bila kuyachemsha, na pale kila kumarini ilionekana kwa jina yake, pamoja na ile kemikali yenye hakuna muti wa ndimu unatengeneza.

Sehemu hii inatuhusu hata kama hatuuze kilo moja. Mu zile kumarini kuko zenye zinaitwa furokumarini, na moja yao, bergapteni, ikiwa ku ngozi na jua likapiga, inaunguza sawa moto. Kiisha inaacha madoa meusi kwa wiki ao miezi. Mafuta ya bergamoti ya kukamua inaweza kubeba miligramu 1000 ya bergapteni kwa kilo, na zaidi. Sheria ya Ulaya, kwa krema za jua, inaruhusu furokumarini chini ya miligramu 1 kwa kilo. Hapa kwetu kuko mama na dada wengi wenye wanajipaka ndimu ku uso ili ngozi ingae, kiisha wanaenda soko muchana wa jua. Maganda ya ndimu ya kijani iko na vitu vya familia ileile. Tunasema wazi: ndimu na jua havipatane ku ngozi. Na krema yenye haijapita mu labo, hata ikiandikwa "naturel", hakuna mutu anajua inabeba nini. Neno "ya muti" halimaanishe "haina hatari".

Labo ni kumbukumbu

Mutu anaweza kufikiri: basi, tukinunua masini, tumemaliza. Hapana. Masini inachora milima tu. Kusema kama milima ile ni ya kweli, lazima uwe na kitu cha kulinganisha.

Reggio Calabria iko na kituo cha utafiti wa mafuta ya machungwa tangu mwaka 1918. Tangu wakati ule wamekusanya chupa zenye walijua shamba, mwezi na namna ya kukamua. Wanajua kama linaloli ya bergamoti iko mingi ku mwanzo wa musimu, wakati tunda ingali ya kijani, na inashuka kwa kadiri tunda inaiva. Wanajua mwaka wa jua na mwaka wa mvua. Juu ya kazi hiyo, mwaka 2001 Ulaya iliwapa jina yenye inalindwa kwa mafuta yao. Hesabu za kimataifa za mafuta ya bergamoti zimeandikwa kufuatana na aina ya Italia.

Sasa Cote d'Ivoire nayo inalima bergamoti, upande wa Sassandra. Udongo ni mwengine, mvua ni ingine, na milima ya mafuta yao haifanane kabisa na ya Calabria. Kama hakuna mutu mwenye amepima na kuandika mafuta ya Sassandra, mununuzi anaweza kuyaangalia mu kitabu cha Italia na kusema: haya siyo ya kweli. Mulimaji hajadanganya mutu, lakini anahukumiwa sawa mwizi, ao anakubali bei ya mwizi. Wanasayansi wamefanya kazi ya kupima yale ya Cote d'Ivoire, na ile kazi iko na faida kwa mulimaji sawa vile mbolea.

Hapa njo tunaona kiini cha mambo. Sayansi hii yote inaonekana sawa polisi wa kukamata wezi. Ni kweli. Lakini ni tena ushuhuda wa mutu mwaminifu. Mwenye hana labo hana ushuhuda, na bei yake inaandikwa na mwengine.

Na sisi?

Leo Kongo haiko mu hesabu ya wauzaji wakubwa wa mafuta ya machungwa. Hapa Lubumbashi, machungwa mingi ya soko inatoka Afrika ya Kusini kupitia Kasumbalesa, na maganda inatupwa. Kwa nini basi tunaandika?

Sababu muchezo uleule tunaujua kwa jina ingine. Ku Kolwezi, ku soko za madini sawa Musompo, wachimbaji wamelalamika miaka mingi juu ya masini yenye wanaita Metorex. Masini yenyewe haina kosa. Inasoma kobalti kwa miali. Shida iko fasi ingine: mwenye kununua njo mwenye masini, njo mwenye anaisoma, njo mwenye anasema "mbili kwa mia", na muchimbaji hana masini ya pili ya kumujibu. Ku Bukavu, Pharmakina inatoa kinini mu maganda ya muti wa kinkina. Bei ya ganda iko mu kinini yenye jicho haione. Vanila ya Beni na Butembo inaenda Ulaya, na kule wanaipima kaboni-13 sawa vile wanapima bergamoti, ili kujua kama vanilini ni ya muti ao ya kiwanda. Mulimaji wa Butembo anapelekewa jibu, hapelekewe masini.

Wengine watatuambia: muko mu ndoto, hata umeme unakatika kila siku. Tunajua. Masini ya kromatografia pamoja na ya kupima masi inakula makumi elfu ya dolari. Inataka heliumu safi, umeme wenye hautetemeke, na mutu mwenye amesoma miaka. Umeme ukikatika katikati ya kazi, siku imepotea. Hatuombe kila kooperative iwe nayo.

Lakini kuko hatua zenye hazingoje milionea. Ya kwanza ni vyombo vidogo. Mafuta safi ya chungwa tamu inapindua mwangaza wa polarimetre kati ya digri 94 na 99 upande wa kuume, na uzito wake ni kama gramu 845 kwa litre. Chombo cha kupima hivyo kinakaa ku meza, na kinaweza kumuambia mulimaji mara moja kama mafuta yake yamechanganywa na kitu cha ovyo, ao kama yameharibika. Na yanaharibika kweli: limonene ikikutana na hewa na joto, inageuka, harufu inakuwa mbaya na ngozi inaweza kuwasha. Chupa ijae, ifungwe, ikae fasi ya baridi na ya giza. Hiyo haihitaji diplome.

Ya pili ni chupa tatu. Siku ya kuuza, mafuta yanagawanywa mu chupa tatu zenye zinafungwa kwa muhuri mbele ya wote: moja ya mununuzi, moja ya muuzaji, moja inabakia kwa mutu wa tatu. Labo ya mununuzi ikisema vibaya, chupa ya tatu inaenda ku labo ingine, yenye jina yake imeandikwa mu mukataba tangu mwanzo. Ni kitu kidogo, lakini kinabadilisha namna watu wanaongea. Inafaa kwa mafuta, kwa vanila, na hata kwa mufuko wa kobalti.

Ya tatu njo ya serkali na ya shule kubwa. OCC iko na labo, na universite zetu zinafundisha kemia. Masini moja yenye inatumikia jimbo nzima, yenye inalindwa na kulipiwa, iko na faida kupita masini tano zenye zimefunikwa na vumbi sababu kipande kimoja kimevunjika. Na kazi ya kwanza ya masini ile isiwe kuwapiga watu faini. Iwe kukusanya kumbukumbu: mafuta ya kwetu, ya eukalipto, ya ndimu, ya mchaichai, shamba kwa shamba, mwezi kwa mwezi, miaka tano mfululizo, ili siku mununuzi wa inje anasema "haifanane na kitabu", tumujibu kwa kitabu chetu.

Bei ya machungwa itapanda na kushuka. Ugonjwa wa Florida na Brazil utafukuza wanunuzi kutafuta mashamba mapya, na kuko siku watagonga ku mulango wa Afrika ya kati. Watakuja na mifuko ya feza, na pembeni yake watakuja na karatasi yenye milima. Wale wenye hawatajua kuisoma watauza kwa kilo. Wale wenye watajua watauza kwa chenye kiko ndani ya kilo, na tofauti kati ya hizo bei mbili njo inalipa shule ya mutoto.